Gesi Iliyorudishwa Majini

Vijana wangu wa kiwanda cha maji, mwezi uliopita mliniita nije niwasalimie. Kabla sijakaa kwenye kiti mlichonipangusia niliona ndoo za kloro zimepangwa juu ya mifuko ya shabu, nikawaambia siketi. Mkacheka. Furaha, binti wa Kibombo aliyesoma kemia vizuri kabisa, akaniambia, "Mama Sifa, tunajua, lakini nafasi njo hakuna." Hata hivyo mlizihamisha, na nawashukuru, maana jua lilikuwa kali na ndoo zile ni nzito. Niliporudi nyumbani nikaona kwamba niliwaamrisha tu kama mkubwa wa kazi, bila kuwapa sababu. Sababu hiyo ina jina la mtu. Ndiyo maana nimekaa kuiandika.

Mimi nilikuwa mpimaji wa maji hapo hapo kiwandani. Kila asubuhi nilishuka mtoni na chupa zangu, nikachota maji ya Lualaba yakiwa bado na tope lake, kisha nikachota tena baada ya kila hatua: baada ya shabu inayokusanya tope, baada ya michanga inayochuja, baada ya kloro. Aliyenifundisha ni Papa Ramazani, mkuu wa kuchanganya dawa. Alikuwa mfupi, sauti yake kubwa kuliko mwili wake, na alivaa buti za mpira kila mahali. Hata siku ya Idi tulimwona anatoka msikitini na kanzu nyeupe, amebeba buti mkononi, anazivaa mlangoni. Mke wake, Mama Mwamini, alikuwa akisema kwamba siku atakapozikwa wamchunguze miguu, huenda buti zimeota mizizi.

Papa Ramazani hakunifundisha kwa ubao. Alichemsha mashina ya ngai-ngai nyekundu, ile mboga chachu tunayopika na samaki, akamimina yale maji mekundu kwenye bilauri. Akatia majivu kidogo. Maji yakageuka rangi ya buluu, kisha yakaelekea kijani. Akakamua ndimu. Yakarudi mekundu.

"Umeona?" akaniuliza. "Ile nyekundu ilikufa?"

"Hapana, Papa."

"Ilihama. Sasa imerudi. Weka ile kichwani, Sifa. Ndani ya maji vitu vingi haviko vimekaa. Vinahama, vinarudi, hata wakati macho yako inaona maji iko kimya. Ukivisukuma huku, vinaenda kule, mpaka vipate utulivu mupya."

Ninyi mnauita msawazo, na mnauandika kwa mishale miwili inayotazamana. Mimi nilijifunza kwa ngai-ngai, na mpaka leo nikiona mishale ile naona bilauri ya Papa Ramazani.

Wiki yangu ya kwanza nilitaka kumfurahisha. Nilichota maji yaliyokwisha kutiwa kloro, nikadondoshea maji ya ngai-ngai ili nijue uchachu wake. Rangi ikapotea yote. Nikatia tena, ikapotea tena. Nilikimbia nje nikisema kuna mtu amenifanyia kitu. Papa Ramazani alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. "Kloro inakula rangi, mutoto wangu! Pima mbele ya kloro, siyo nyuma yake." Kwa muda mrefu wafanyakazi waliniita mama wa uchawi.

Sasa sikilizeni habari ya kloro yenyewe. Ikiingia majini inagawanyika sura mbili. Moja ni kali, inampenya mdudu wa kolera na kumuua. Nyingine ni mvivu. Ukizidisha chokaa, ambayo huondoa uchachu, ile kali inahamia upande wa mvivu: harufu unaisikia, kipimo kinakuambia kloro ipo, na watu wanaugua. Ukipeleka maji kidogo upande wa uchachu, mvivu anarudi kuwa mkali. Lakini katika pipa la dawa nzito, uchachu ukizidi, haiishii kwenye ukali. Inaendelea kuhama. Inakuwa gesi, inatoka majini, inawafuata watu. Na shabu iliyoyeyushwa ni chachu sana. Kwa hiyo pipa la shabu lilikaa huku, pipa la kloro kule, na ukuta katikati. Hakuna sheria nyingine ambayo Papa Ramazani aliipigia kelele kama hiyo.

Vita vilipofika, treni ya kutoka kusini haikuja tena. Majani yaliota kati ya reli, mbuzi wakapata malisho, kisha hata mbuzi wakaisha. Mjini walikuwapo askari, porini walikuwapo wengine, na sisi katikati. Mtu aliyetoka kwenda shambani njia ya Kailo aliagana na watu wake kama anayesafiri mbali. Wengi hawakurudi. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta wala chumvi. Watu waliokimbia vijiji walijaa mji wetu wa Kindu, na familia kadhaa zilikaa katika ghala la zamani chini ya kiwanda chetu, pale mteremko unapoelekea mtoni. Walipika nje, watoto wakicheza kwenye bomba kuukuu.

Kisha mvua ikaanza, na kolera ikaja nayo. Sitaki kuwaeleza sana. Nitasema tu kwamba asubuhi nilipokwenda kazini nilikutana na watu wanaobeba wagonjwa kwa machela za miti, na jioni nilikutana na machela zile zile zikirudi zimefunikwa.

Shabu ilikuwa imebaki kutoka wakati wa treni. Kloro ya unga ililetwa kwa ndege na watu wa msaada. Chokaa, hiyo ilibaki nusu mfuko. Papa Ramazani aliigeuza kiti. Alikaa juu yake mchana kutwa, na ukitaka kijiko cha chokaa ilibidi umwombe asimame. Mazuti ya kuendesha pampu tulipewa na kambi ya askari. Kwa hiyo kambi ndiyo iliyotawala. Walisema maji yaende kwao kwanza, na yakaenda.

Siku moja walikuja na gari wakachukua mapipa yetu, wapate vya kuwekea mazuti. Papa Ramazani alisimama mbele ya gari akiwaomba, na ajida mmoja, mkubwa wa askari wale, akamsukuma kwa kiwiko. Walituachia pipa moja tu, lile la shabu.

"Tutafanyaje?" akauliza Yakobo. Huyu alikuwa mchanganyaji wa dawa, kijana mwenye mke na watoto wadogo, mtu wa utani, mwenye mikono mikubwa.

Papa Ramazani alifikiri. "Tutatumia hili moja kwa zamu. Shabu kwanza. Ikiisha, tunaliosha. Tunaosha tena. Kisha tena, mpaka ngai-ngai iseme hakuna uchachu. Halafu kloro. Kazi itachelewa, lakini tutaishi."

Tukafanya hivyo, na maji yakaendelea kutoka.

Asubuhi ya tukio nilikuwa mtoni. Papa Ramazani alikuwa kwenye michanga, anasafisha. Yakobo alikuwa peke yake katika chumba cha dawa, ameinamisha pipa, analiosha. Haya niliyapata baadaye kwake mwenyewe. Alisema yule ajida aliingia na bunduki begani, amekasirika, maana askari wa kambini walikuwa wanaanza kuharisha.

"Maji iko wapi?"

"Ninaosha pipa, shefu. Bado shabu iko chini, imeganda."

"Dawa ya kolera njo gani? Si ile ya ndoo?"

"Njo ile, shefu, lakini..."

"Basi weka! Watu wangu wanakufa, wewe unaosha pipa!"

Yakobo alisema alimwonyesha tope jeupe la shabu lililoshikana chini ya pipa. Ajida akashusha bunduki begani. Yakobo akamwaga kloro.

Mimi nilikuwa napanda njia ya kutoka mtoni nikasikia harufu. Siyo ile ya maji ya bomba. Ilikuwa harufu inayokata, inayoingia kwenye macho kabla ya pua. Kisha nikamwona ajida anatoka mbio, ameacha bunduki, anatapika huku anakimbia. Nyuma yake, mlangoni, gesi ilikuwa inatoka, rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, na haikupanda juu kama moshi. Ilishuka ngazi. Ilitambaa chini kama maji.

Papa Ramazani alifika kabla yangu. Alishika pumzi, akaingia, akatoka anamburuta Yakobo kwa kola ya shati. Tulimpandisha juu, upande upepo unakotoka, tukamlaza. Alikohoa povu, macho yamevimba, lakini alikuwa hai. Nilifikiri imekwisha. Tulikuwa nje, tulikuwa juu, hewa ilikuwa safi.

Papa Ramazani hakuwa anamtazama Yakobo. Alikuwa anatazama chini ya mteremko. Gesi ilikuwa inalielekea ghala. Kina mama walikuwa wanapika. Mtoto mmoja alikuwa ameinuka, ananyoosha kidole kuonyesha ile rangi.

"Sifa, kimbia! Uwapandishe kando, huku juu! Wasishuke mtoni, itawafuata!"

"Na wewe?"

Aligeuka huku na huku kama mtu aliyepoteza kitu ndani ya nyumba yake. "Chokaa iko wapi?" akasema. "Chokaa iko wapi?" Kisha akakumbuka kwamba alikuwa ameubeba mfuko mpaka kwenye michanga, ili ajida asiuone. Akaukimbilia, akaukumbatia kifuani, akafunga usoni kitambaa alichokilowesha kwenye dimbwi, akaingia.

Ninyi mmesoma, mnajua alichokwenda kufanya. Uchachu ulikuwa unaisukuma kloro itoke majini. Gesi ikishatoka na kutawanyika hairudi yenyewe, na kila inayotoka inaipisha nyingine itoke, mpaka pipa likauke dawa. Kuna njia moja: kuuondoa uchachu. Chokaa ikiingia, msukumo unageuka, na kloro ambayo haijatoka inabaki majini, imerudia sura yake ya uvivu. Ni ile ile bilauri ya ngai-ngai na majivu. Tofauti ni kwamba safari hii mtu alipaswa kusimama juu ya bilauri.

Mimi nilikuwa chini napiga kelele. Wale wamama hawakuelewa. Katika vita mtu akipiga kelele unakimbilia mtoni, kwenye mitumbwi, na wengine walikuwa wameanza. Nilimshika mmoja nywele. Nilimtukana. "Huku juu! Huku juu!" Bibi Feza, mzee asiyeweza kutembea, alikuwa ameketi kwenye mkeka. Binti yake akamshika miguu, mimi mabega, tukapanda naye. Macho yalikuwa yananiwaka moto, kifua kinakazana kama kimefungwa kamba. Tulipofika kando juu niligeuka. Ile rangi ilikuwa imefika kwenye masufuria. Ikabaki pale kidogo, ikafifia. Mlangoni kwa chumba cha dawa hakukuwa na nyingine inayotoka.

Papa Ramazani alitoka akitambaa. Alikuwa mweupe kwa chokaa kuanzia kichwani mpaka kwenye buti. Alikaa juu ya jiwe, akavuta pumzi fupi fupi, akanitazama, akatabasamu.

"Imerudi," akasema.

Watu wote wa ghala walikuwa hai. Yakobo alikuwa hai. Papa Ramazani alikwenda hospitali kwa miguu yake mwenyewe, akikataa machela. "Muwaachie wa kolera," alisema. Njiani alikuwa anakohoa lakini anazungumza, ananiagiza nilifunike pipa lile na nisiruhusu mtu kuligusa. Nilimwacha pale na Mama Mwamini, nikafurahi. Kumbukeni hili, maana siku moja linaweza kumwokoa mtu: aliyevuta gesi ile anaweza kuonekana mzima kwa masaa, kumbe mapafu yanajaa maji taratibu. Msimwache arudi nyumbani kulala. Akae chini ya macho ya daktari, na oksijeni iwe karibu.

Hospitali haikuwa na oksijeni. Mashine ilikuwapo, mazuti ya kuiendesha hayakuwapo. Mapema asubuhi iliyofuata, mdogo wake Papa Ramazani alikuja kiwandani kunipa habari. Alisimama mbali kidogo, amevua kofia.

"Tunamuzika leo, mbele ya alasiri," akasema. "Lakini nyumbani hakuna maji ya kumuosha. Wazee wamesema maji ya mtoni tusitumie, kolera. Yaya Sifa, dada yangu, maji itatoka saa ngapi?"

Tangu jana hakuna tone lililotoka. Mjini watu walikuwa wamerudia mto. Na chokaa yote ilikuwa ndani ya lile pipa. Maji ya mto wetu ni mepesi, shabu inayageuza machachu upesi, na yakiwa machachu mno tope halishikani vizuri, halizami, linapita mpaka kwenye bomba na kuila kloro bure. Hapo awali Papa Ramazani alirekebisha kwa kijiko chake cha chokaa. Sasa sikuwa na kijiko wala Papa Ramazani.

Nilishuka ghalani. Bibi Feza alikuwa kwenye mkeka wake.

"Bibi, ninaomba majivu."

"Majivu? Majivu tu?"

"Mengi. Ya mioto yote."

Aliwaita wanawake, wakakomba mafiga, wakaleta majivu kwa beseni, kwa vikwembe walivyojifunga, kwa kofia ya mtoto. Tukayaloweka, tukachuja kwa kitambaa, tukapata maji yanayoteleza mkononi kama sabuni. Yakobo alikuja. Alitakiwa awe kitandani, alikuwa anashika ukuta ili atembee, hakuweza kusema maneno mawili bila kukohoa. Alishika mti wa kukorogea, nami nikawa namimina.

Nilitia maji ya majivu kidogo kidogo katika birika la maji ya mto yaliyokwisha kutiwa shabu, nikachota, nikadondoshea ngai-ngai. Nyekundu. Nikaongeza. Bado nyekundu. Nikaongeza, ikaanza kufifia kuelekea zambarau. Pale nikamwambia Yakobo basi. Tulisubiri. Tope likaanza kukusanyika, mawingu madogo madogo yanashuka, na juu maji yakabaki yameng'aa. Ndipo nikapima kloro, katika ndoo ndogo ya plastiki ambayo haikuwahi kuonja shabu, kiasi cha bidoni chache kila mara.

Bidoni za kwanza za maji zilikwenda nyumbani kwa Papa Ramazani. Kambi ilituma mtu kuuliza kwa nini. Yakobo alimtazama yule askari kwa macho yale mekundu yaliyovimba, na askari akaondoka.

Mimi sikwenda mazikoni. Nani angebaki na maji? Walipokuwa wanampeleka nilikuwa nimeinama juu ya ndoo, nasikia sauti za watu njiani, zinakaribia, zinapita, zinakwenda. Nikachota, nikapima, nikaandika. Kolera haikuisha siku ile. Iliendelea kuua mpaka mvua zilipopungua. Lakini katika ghala lile hakuna aliyekufa kwa maji yetu.

Yakobo alirudi kwao Kailo vita vilipotulia. Analima, anapumzika, analima tena. Kifua hakikupona. Yule ajida alihamishwa na kikosi chake, na sijasikia habari zake.

Baada ya arobaini ya Papa Ramazani nilikwenda kwa Mama Mwamini. Alikuwa ameketi uani, anachambua mchele. Niliketi nikachambua naye. Kisha akaniuliza, bila kuinua macho.

"Waliniambia alikuwa amekwisha kutoka nje. Halafu akarudi ndani. Njo kweli?"

"Njo kweli, mama."

"Hospitali hakuweza kusema tena. Alinishika mukono tu." Akaokota jiwe kwenye mchele, akalitupa. "Wewe ulikuwa naye pale. Mbele ya kuingia, alisema nini?"

Nilijua anachotaka. Njia nzima nilikuwa nimekitafuta, neno la kumpa, la mke, la watoto, la Mungu. Lingekuwa rahisi kulisema, na hakuna mtu duniani ambaye angenikanusha. Lakini mbele yake ulimi ulikataa.

"Alisema, chokaa iko wapi."

Aliinua macho.

"Ile tu?"

"Ile tu, mama. Alirudia mara ya pili."

Mama Mwamini aliweka ungo chini. Mabega yakaanza kutikisika, nami nikadhani analia, nikasogea nimshike. Alikuwa anacheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, akajipangusa kwa kikwembe, akacheka tena.

"Ni yeye," akasema. "Ni yeye mwenyewe. Ungeniambia alinitaja, ningejua unanidanganya."